Mvuke wa Kalma

Nyumba ya Kalma ni sauna ya umma, yaani bafu la mvuke, iliyoko mtaa wa Vana-Kalamaja mjini Tallinn, mji mkuu wa Estonia, mwendo mfupi kutoka stesheni ya treni, nje kidogo ya kuta za mji mkongwe. Ilifunguliwa mwaka 1928, wakati nyumba nyingi za mbao za mtaa ule wa wavuvi hazikuwa na bafu, na watu walikwenda pale kutoa uchafu wa wiki nzima. Siku hizi mabafu yamo majumbani, lakini wazee hawajaacha kwenda.

Mimi nilipelekwa na mwenzangu wa chumba bwenini, kijana wa Võru, kusini mwa Estonia. Sauna za mjini alikuwa anazidharau kidogo. Kwao wana sauna ya moshi, isiyo na dohani: kuni zinawaka saa nyingi, moto ukishazimika moshi unatolewa nje, ndipo watu wanaingia. Zamani wanawake wa kwao walijifungulia humo, nyama ilikaushwa humohumo, na mwaka 2014 UNESCO wakaiingiza desturi hiyo kwenye orodha yao ya urithi, jambo ambalo hakuchoka kunikumbusha. Lakini ilikuwa Februari, theluji imefika magotini, na Võru ni mbali. Tukaenda Kalma.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mwanamume hata akienda kuoga kisimani anajifunga kikoi, na kumwona baba yako uchi ni jambo la kuombea toba. Sasa nipo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wazee wa umri wa babu yangu wanapita mbele yangu hawana hata uzi, ila kofia za sufu vichwani kukinga masikio na joto. Nilishikilia taulo langu mpaka mwenzangu akaniambia, "Bwana, hiyo ni ya kukalia."

Nikaivua. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Miezi yote ile, kwenye tramu, dukani, hata maktaba, macho yalikuwa yakinifuata. Si kwa ubaya, ila yalikuwa yakinifuata. Mle ndani, nikiwa sina kitu mwilini, mtu mweusi peke yangu kati ya miili myeupe iliyoiva nyekundu, hakuna aliyenitazama mara mbili. Mzee mmoja alisogea kidogo tu nipate nafasi kwenye benchi la juu.

Joto lenyewe lilinikumbusha kujifukiza: bibi, sufuria ya mwarobaini, na blanketi zito juu ya kichwa. Tofauti ni kwamba kwa bibi ulikuwa unalia utoke, na hapa watu wamelipa kiingilio. Yule mzee alichukua kata, akawauliza wenzake kwa macho, akamwagia maji mawe ya moto. Mvuke ukapanda hadi darini, kisha ukatushukia mabegani. Masikio yakawaka. Nikaelewa kazi ya kofia.

Baadaye akanipa fungu lake la matawi. Ni ya mti wa kwao wenye gome jeupe, hukatwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Yohane mwezi Juni, majani yakiwa bado laini, yakakaushwa. Siku ya kuoga yanalowekwa kwenye maji ya uvuguvugu. Nilijipiga kwa adabu mno. Akaninyang'anya, akanichapa mgongo mzima kama mtu mwenye kazi yake, na harufu ya msitu ikajaa chumba.

Tukatoka, tukajitosa kwenye dimbwi la maji baridi, tukarudi. Ndipo mzee akauliza, mwenzangu akitafsiri, kama kwetu kuna sauna. Nikamwambia Dar es Salaam mwezi kama huu daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni inatosha kabisa, tena mnabanana zaidi ya hapa. Akacheka hadi akakohoa.

"Na mkishuka, mnajitosa wapi?"

"Baharini. Lakini nako maji ni ya moto."

Akanitazama kwa huruma ya kweli, kisha akaniongezea mvuke.