Hamsta wawili, madume ama majike?

Watu wangu wa Nakuru, nilitaka kufuga hamsta, wale wanyama wadogo kama panya, na swali lilikuwa nichukue madume wawili ama majike wawili, juu dume na jike pamoja hiyo nilikataa mapema kabisa. Hawa hamsta wa aina ndogo mimba yao ni siku 18 hadi 21 hivi na jike anaweza kushika ingine siku ile ile amezaa, sasa hapa mtaani Section 58 hao watoto wote ningewapeleka wapi?

Nimechukua madume, ndugu wa tumbo moja ambao hawajawahi kutenganishwa, na kusema ukweli hiyo ya undugu naona ina uzito kuliko jinsia, juu hata majike wakikutanishwa ukubwani wanaweza kuumana vibaya sana. Kuwatambua unamshika polepole unaangalia chini ya mkia, kwa dume zile tundu mbili zimeachana, kwa jike zimekaribiana. Wakiwa wachanga ni ngumu kujua.

Kila kitu nimeweka mbili mbili, gurudumu, chupa ya maji, kanyumba ka kujificha, na maranda mengi wachimbe vile wanataka. Keji ya pili iko tayari kando, juu wakianza kutoana damu hapo ni kutenganisha na haurudishi tena. Wale wa aina kubwa, wanaoitwa wa Syria, usijaribu kuwaweka pamoja kabisa, kila mmoja akae peke yake.

Mwenye anajua daktari wa mifugo hapa Nakuru ama hata Kisumu anayeshika wanyama wadogo hivi aniambie, nataka wakaguliwe tena wakikua kidogo.