Siku niliyogusa mafuta ya upako

Jumapili ile nilipewa dakika kumi za neno kabla ya sadaka, nikafungua 1 Wafalme 22, ile habari ya nabii Mikaya, manabii kama 400 wanamwambia mfalme Ahabu nenda vitani utashinda, yeye peke yake anasema utakufa, akaishia kula kofi la shavu na jela juu. Nikasema jamani tukumbuke Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa uwanjani wakikanyagana kuwahi kukanyaga mafuta ya upako, yale yaliyoombewa.

Amina zikakata ghafla. Mpiga kinanda akainamia simu yake, mama mmoja pale mbele akachukua kichupa chake cha mafuta taratibu akakirudisha kwenye pochi, na huyo ndo aliniuma kwa kweli, sikutaka kumuaibisha mtu mimi.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akanivuta pembeni, "mwanangu, umesema kweli, ila hawa watu wanakuja wamechoka, wape cha kuwatia moyo." Nikamjibu sawa mzee wangu, maana ningebishana naye vipi pale mlangoni na watu wanapita?

Ratiba mpya ya wahudumu imebandikwa ukutani, nimeicheki mara mbili, jina langu halipo.