Ukiiambia programu "miaka ya themanini", inakupa ukungu

Mwangwi juu ya mwangwi, mwimbaji analia huko mbali, ngoma zinapasuka kila mahali. Ndivyo programu za akili mnemba za kutunga muziki zinavyoelewa synth-pop ya zamani, ile pop ya vinanda vya umeme. Jirani yangu hapa Kondele, Kisumu, fundi wa redio, alisikiliza kidogo akauliza: "Omera, hiyo kinanda ilinyeshewa?"

Mimi ni mpiga kinanda. Jumapili niko kanisani, wikendi nyingi niko matangani napiga ohangla, ngoma ya Kijaluo, mpaka kuche, na katikati ya wiki, stima ikiwepo, najifungia na laptopu kutafuta sauti za kale. Ninayoipenda kupita zote ni ya Yamaha DX7, kinanda kilichotoka 1983. Ndani yake kila noti hutengenezwa na mawimbi sita, moja likilitikisa jingine kwa kasi hadi milio mipya izaliwe. Mbinu hiyo aliigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Yamaha wakachukua leseni. Raha yake iko kidoleni: gusa taratibu, upate mlio wa mviringo, chapa kwa nguvu, uanze kusikia chuma.

Programu haina kinanda ndani yake. Imefunzwa kwa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, kwa hiyo inachojua ni mchanganyiko mzima: kinanda, mwangwi wa studio, mvumo wa kanda, vyote vimeshikana. Ndiyo maana kengele zake, yaani milio ya kuiga ile ya DX7, zinang'aa vilevile, iwe noti ni ya kunong'ona au ya kugonga. Hakuna kidole pale.

Siku hizi siitajii miaka, naitajia mipaka ya vyombo. Roland Juno-106 ya 1984 ilitoa noti sita tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza ya saba, zote saba haziwezi kulia pamoja. Mtu aliyepiga chombo kama hicho alibana kodi zake (noti zinazopigwa kwa pamoja) na kuacha nafasi. Basi naandika: kodi za noti tatu, besi moja ya kinanda isiyotangatanga, hakuna gitaa, hakuna mwangwi mrefu, mashine ya ngoma isiyobadilika kasi, hakuna kuimba. Ukungu unapungua papo hapo. Jina moja tu naliepuka, 808. Ile mashine ya ngoma ya Roland ilitoka 1980, lakini ukiitaja leo unaletewa besi nzito ya hip hop inayotingisha madirisha.

Hata hivyo, sichukui wimbo mzima. Naiomba programu itenganishe vyombo, nabaki na ngoma na pengine besi, kengele natupa. Kisha nafungua Dexed, programu ya bure inayoiga DX7 na kusoma faili za sauti zake za zamani, nachomeka kinanda changu cha kanisani kwa waya wa USB na kupiga kengele mwenyewe. Hapo noti zinapishana kidogo na mdundo, kwa sababu mkono wangu wa kushoto umezoea ohangla na hupenda kutangulia. Sizinyooshi. Ndiyo sehemu fundi wa redio aliyoniomba nirudie.

Vijana wa kwaya wameshaniomba niwatengenezee wimbo wa namna hiyo wa Krismasi. Mchungaji hajaambiwa bado.