Shaba nne, kazi tofauti kabisa

Siku hizi kichwa kimejaa shaba tupu. Nimepewa kazi ya kupanga sikwensi (mpangilio wa asidi amino) za protini za bakteria, zile ambazo kwenye data za genomu zimeandikwa tu "oksidase ya shaba", nizitenganishe kwa makundi yanayoeleweka, na kadiri navyoendelea ndo naona hilo jina limefunika mambo mengi mno, inaniuma kwa kweli.

Nielezee kidogo kwa wasio wa fani. Kuna familia ya vimeng'enya vyenye atomi nne za shaba ndani. Shaba ya kwanza imeshikwa na sisteini, mojawapo ya asidi amino, na ndo inayokipa kimeng'enya rangi ya bluu, inafyonza mwanga wa nanomita kama 600. Hiyo inachukua elektroni moja moja kutoka kwa kitu kinachooksidishwa, inazipitisha kwa sisteini na histidini (asidi amino nyingine) za jirani mpaka kwenye shaba tatu zilizokaa pamoja, na pale oksijeni ikishapokea elektroni nne inakuwa maji. Maji basi, bila kuachia peroksidi ovyo. Nimesoma hili mara nyingi na bado linanifurahisha.

Maarufu zaidi ni lakase. Mwaka 1883 Mjapani Hikorokuro Yoshida aliichunguza kwenye utomvu wa mti wa vanishi, baadaye Mfaransa Gabriel Bertrand akaipa jina, halafu ikaonekana kwa wingi kwenye uyoga. Hata huu uyoga wa mamama tunaootesha kwenye mabua unaitumia kuvunja lignini, ile inayofanya mabua na mbao ziwe ngumu. Kwa muda mrefu watu walijua ni mambo ya mimea na fangasi, hadi 1993 ilipoelezwa kwenye Azospirillum lipoferum, bakteria aliyetolewa kwenye mizizi ya mpunga. Baada ya hapo genomu zikaanza kusomwa kwa kasi na ndugu zake wakatokea kila kona.

Sasa hapa ndo penye utamu. Bacillus subtilis anayo CotA, iko kwenye koti la spora, inatengeneza ile pigmenti ya kahawia inayosaidia spora kuhimili mionzi ya jua. E. coli anayo CueO, na kazi yake ni kuoksidisha shaba yenyewe iwe ya aina isiyo na sumu kali, yaani kimeng'enya cha shaba kinachomlinda mwenyewe dhidi ya shaba! Tena kina kipande chenye methionini nyingi kinachoziba njia ya kuingilia, kwa hiyo ukikipima kwa kemikali za kawaida za lakase bila kuongeza shaba kitaonekana kizembe, wakati hukukipa kazi yake. Hamira nayo ina Fet3p, inaoksidisha chuma ili kiingizwe ndani ya seli. Shaba nne zilezile, maisha tofauti kabisa.

Nyingi zina domeni tatu, yaani vipande vya protini vinavyojikunja kila kimoja kivyake, lakini ile ndogo ya Streptomyces coelicolor ina mbili tu, na inabidi molekuli tatu zishikane ndo zile shaba tatu zipate pa kukaa, kwenye mpaka kati ya jirani na jirani. Wapo wanaoamini kwamba za domeni mbili ndo zinatuonyesha asili ya ukoo mzima, hadi seruloplasmini, protini ya shaba ya damu yetu, yenye domeni sita. Mimi hoja hiyo inanishawishi, kwa sababu hata reduktase ya nitriti yenye shaba, kimeng'enya kingine cha bakteria, ni ya domeni mbili na inakaa tatutatu vilevile.

Halafu ukitafuta kwa neno "shaba" na "oksidase" peke yake unaletewa na zile za upumuaji, zenye hemu (kiungo chenye chuma kama kile cha damu) na shaba, ambazo si ndugu kabisa na hizi. Zile zina mgawanyo wake, A, B na C, na za kundi C zinakamata oksijeni hata ikiwa kidogo sana, ndo anazotegemea Helicobacter pylori tumboni. Lazima zitolewe mwanzo kabisa kabla hujachora mti wowote wa ukoo wa protini hizi.

Msimamo wangu ni kwamba kuita kitu lakase eti kwa sababu ABTS, kemikali ya kupimia inayobadilika rangi ikioksidishwa, imegeuka kijani haitoshi. Nahesabu domeni kwanza, naangalia asidi amino zinazoshika shaba, hasa ile iliyo karibu na shaba ya kwanza, maana bakteria wengi wana methionini pale na fangasi wana leusini au fenilalanini, na ndo sababu moja ya lakase ya Trametes versicolor kufika karibu milivolti 780, yaani nguvu ya kuvuta elektroni, huku za bakteria zikibaki chini. Kisha naangalia jeni za jirani. Ikiwa pembeni kuna pampu ya kutoa shaba nje ya seli, hiyo inakaa karibu na CueO hadi vipimo vya maabara viseme vingine, na zisizo na jirani wa kueleweka naziandika hivyohivyo, kazi haijajulikana, badala ya kuzibandika jina la lakase ambalo mwingine atalikopi kesho kwenye genomu nyingine.