Tiketi ya treni Uingereza, someni neno Route jamani

Wiki iliyopita mama mdogo amekuja kututembelea Birmingham, mie ndo nilimkatia tiketi ya kutoka London. Nikachagua ya bei poa ya kampuni moja tu, treni yake ya polepole, hafu sikumweleza vizuri. Kufika kituo cha Euston kaona ubao umeandikwa Birmingham, kapanda. Mama wa watu katoka Tanga hajui kama reli hiyohiyo ina kampuni mbili. Kondakta alipopita, mama mdogo akafungua pindo la khanga, akatoa kale kakaratasi ka rangi ya chungwa pembeni, akaambiwa hii siyo, lipa nyingine bei kamili. Akanipigia simu sauti inatetemeka, "mwanangu, mbona tiketi ninayo?" Iliniuma sana kwa kweli.

Maana kwetu ukikata SGR Dar kwenda Dodoma unapewa behewa na siti, njia ni moja, basi. Huku mji uleule unafikika kwa njia mbili tatu, kuna ya Euston, kuna ya kituo cha Marylebone inayopita High Wycombe, na tiketi yenyewe ndo inasema upite wapi. Angalia palipoandikwa Route. Ukikuta Any Permitted, ruhusa ni kwa njia zote zinazokubalika kati ya miji hiyo, ikiandikwa jina la kampuni na neno only, ni treni za hao tu hata kama nyingine inaondoka sasa hivi mbele yako.

Advance, yaani ile ya kukata mapema, ndo ngumu zaidi, ni treni ileile ya saa ileile, na hata kushuka kituo cha kabla hairuhusiwi. Ila ukichelewa kwa sababu treni yao ya kuunganisha imechelewa, una haki ya kupanda inayofuata, waoneshe wahudumu usiogope. Off-Peak haibani hivyo, unakwepa saa za msongamano tu, na nyingi zinakuruhusu kushuka njiani ukaendelea baadaye. Ukikamatwa huna tiketi kabisa, England tangu Januari 2023 faini ni pauni 100 juu ya nauli, ukilipa ndani ya siku 21 inakuwa 50.

Jumamosi mama mdogo anarudi London. Nimemkatia Off-Peak ya Any Permitted, tumekaa wote mezani tukaisoma neno kwa neno, maana anataka ashuke Coventry amsalimie shoga yake waliyesoma naye.