Miraba kumi na sita juu ya mchanga wa Tanga

Ua wetu hapa Tanga mjini ni mchanga mtupu. Mwaga ndoo ya maji, geuka kidogo, hayapo. Miaka yote mboga zetu zilitoka soko la Mgandini, ukiacha matembele yaliyojiotea karibu na bomba. Nilipoamua kulima za kwangu sikutaka kupigana na mchanga huo, nilitaka kulima juu yake. Ndipo nikaingia kwenye bustani ya miraba ya futi moja moja. Naieleza kama ilivyonifaa mimi mtu wa pwani, maana maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, na ukiyafuata yalivyo, jua la Januari litakufundisha adabu.

Aliyeieneza ni Mmarekani, Mel Bartholomew, mhandisi aliyestaafu, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1981. Hoja yake ni kwamba mistari mirefu yenye njia pana katikati ni desturi ya shambani, na nyumbani unapalilia bure njia ambazo hazizai kitu. Badala yake unatengeneza fremu ya mbao ya futi nne kwa nne, unaijaza udongo uliouchanganya mwenyewe, unaigawa miraba 16, na kila mraba unapewa zao lake. Ndani hukanyagi kamwe. Futi nne zimechaguliwa ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote. Ukiiweka fremu ukutani, upana usizidi futi mbili.

Bartholomew anatosheka na kina cha inchi sita. Mimi niliagiza mbao za inchi moja kwa nane, kwa sababu udongo wa inchi sita hapa kwetu unakauka kabla ya adhuhuri. Fundi aliipima kwa macho akauliza, "Dada, hili banda la kuku mbona fupi hivi?" Alitaka kuzipaka mbao oili chafu dhidi ya mchwa. Nilikataa, sitaki oili karibu na mchicha wangu. Tulipanga safu ya tofali chini ya mbao zisiguse ardhi. Ndani, juu ya mchanga, nikatandika maboksi mazito na viroba vya sandarusi vilivyopasuliwa, kuzuia ndago, lile gugu sugu. Ndago inatoboa karibu kila kitu, lakini angalau inachelewa.

Kazi yenyewe iko kwenye udongo. Mchanganyiko wa Bartholomew ni theluthi moja mboji, theluthi moja mboji ya vinamasi vya nchi za baridi, na theluthi moja vemikulaiti, yaani madini yaliyopashwa moto yakavimba. Cha kwanza tunacho. Hivyo viwili vingine, hata ukivipata, bei yake inatosha kununua mboga za mwaka mzima. Basi nikajiuliza kila kimoja kina kazi gani. Cha pili kinashika maji. Cha tatu kinaleta hewa, udongo usigandamane. Kwa kushika maji, pwani tuna makumbi ya nazi. Nenda kwa wafua nazi, watakushukuru kwa kuwaondolea lile rundo. Niliyaloweka, nikayakatakata kwa panga, nikayatwanga kwenye kinu kikuukuu mpaka vumbi lake likaachana na nyuzi. Nyuzi fupi unaweza kuziacha, hazidhuru. Tahadhari ni moja: usichukue mabaki ya makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, maana yameshiba chumvi ya bahari. Hata yale makavu ya nchi kavu niliyasuuza mara kadhaa.

Kwa hewa nilitumia maganda ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa. Niliyababua juu ya bati mpaka yakawa meusi bila kugeuka majivu. Mabichi nayo yanafaa, ila yakianza kuoza hunyang'anya mimea naitrojeni. Mboji nayo isiwe ya kitu kimoja; Bartholomew anasisitiza ichanganywe kutoka vyanzo vitano, na hapo nakubaliana naye kabisa. Yangu ilikuwa na samadi ya ng'ombe, mbolea ya kuku iliyokaa muda mrefu, majani makavu, magugu yasiyo na mbegu, na maganda ya jikoni.

Hesabu yake ni rahisi. Fremu ya futi nne kwa nne yenye kina cha inchi nane inachukua karibu lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Tano za mboji, tano za makumbi, tano za maganda ya mpunga. Changanya vikiwa na unyevu, la sivyo vumbi lote litaishia kwa majirani.

Miraba niliigawa kwa kamba ya katani na misumari. Kamba inaoza baada ya msimu, na hapa Tanga mtu hawezi kulalamika kwamba katani ni adimu. Watoto wakaipa miraba namba, kama barabara za Ngamiani, na sasa ndivyo tunavyozungumza: "Mama, barabara ya saba ina kiwavi."

Kupanda kunafuata nafasi. Mmea unaotaka sentimita 30, mmoja kwa mraba. Sentimita 15, minne. Sentimita 10, tisa. Wa saba na nusu hivi, 16. Kwa hiyo nyanya, bilinganya, bamia na pilipili hoho ni mmoja mmoja, saladi minne, maharage tisa, karoti na figili 16. Sukuma wiki nayo naiweka mmoja. Majani yanakuwa madogo kuliko ya shambani, lakini hayaishi. Mchicha napanda 16, na baada ya wiki tatu hivi nang'oa mmoja naacha mmoja kwa ajili ya sufuria, uliobaki nauchuma vichwa mpaka uchoke.

Yapo mazao niliyoyaachia wenyewe. Kabichi inakaa miezi mitatu kwenye mraba mzima, kisha joto linainyima kufunga vizuri, wakati malori ya Lushoto yanashusha kabichi nzito kwa bei ndogo. Sishindani na Milima ya Usambara. Karoti nazo za Lushoto ni tamu kuliko zangu, nazipanda kwa ajili ya watoto tu. Matembele yabaki kwenye bomba lake. Ukiyaingiza kwenye fremu, baada ya mwezi huna fremu tena.

Faida ambayo sikuitegemea ni ratiba. Zamani nikipata pakiti ya mbegu za mchicha nilikuwa naimwaga yote, tunakula mchicha mpaka watoto wananuna, halafu mwezi mzima hakuna kitu. Mraba unakufunga mikono. Leo unapanda mmoja, wiki ijayo mwingine, na ukivuna wa kwanza unatia mikono miwili ya mboji mpya na kupanda zao la aina nyingine papo hapo. Hakuna kulima upya. Kwa maoni yangu hili ndilo linalolipa gharama za mbao. Kwamba mimea inabanana na kutoa mavuno mengi kwa eneo dogo ni kweli, lakini familia haili mavuno ya eneo, inakula mboga ya jioni hiyo.

Kuhusu jua, vitabu vya Marekani vinasema mimea mirefu ikae upande wa kaskazini isizibe mifupi. Huku karibu na Ikweta jua linapita kaskazini yetu katikati ya mwaka na kusini yetu mwishoni, kwa hiyo ushauri huo hauna maana. Mirefu naiweka magharibi. Bamia na nyanya zinasimama pale zikiikinga saladi na jua la alasiri, na saladi inachelewa kutoa maua. Nyanya nazipanda masika yakielekea mwisho, ili zizae wakati wa baridi ya Juni na Julai. Usiku wa joto kali maua yanapukutika. Kila mche nauacha shina moja, nauzungusha kwenye kamba iliyofungwa juu.

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba, upepo na jua vinashirikiana. Namwagilia alfajiri na jioni kwa kopo, kwenye shina, si juu ya majani, na udongo nautandazia nyasi kavu. Maji yenyewe yana siku zake za kutoka, kwa hiyo pipa la akiba halikosekani. Fremu moja haimalizi maji mengi. Ni tofauti kubwa na bustani inayomwagiliwa kwa mpira wa maji.

Wadudu ni walewale wa kila mahali. Kanitangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, anachimba njia ndani ya majani ya nyanya. Kwa kuwa nyanya zangu ni chache, nalitazama kila jani na kuliondoa lenye michirizi mapema, kisha nalizika mbali. Vidukari kwenye sukuma nawaosha kwa maji ya sabuni. Adui mkubwa ni kuku wa jirani. Dawa yake niliipata pale Deep Sea, ufukweni kwa wavuvi: wavu chakavu, niliouvisha juu ya fito nne. Kuku wanauzunguka, hawaingii.

Mama mkwe alipokuja alichuma mwenyewe, kisha akasema, "Mwanangu, nzuri, lakini mgongo wangu hauinami hivi." Yake tunaitengeneza yenye miguu, futi mbili kwa nne, na sakafu ya mbao iliyotobolewa matundu ya kutoa maji. Ukiagiza ya namna hiyo, mwambie fundi mapema kwamba itabeba lita 150 za udongo uliolowa, asije akatumia miguu ya meza ya chai.