Nati ya Sampu

Mwaka 2011, msimu wa korosho ukiwa umekolea, mjomba wangu alikuwa na Noah iliyopiga ruti ya Mtwara na Masasi. Mimi nilikuwa konda wake, mpiga debe wake, muosha gari wake na, kwa kujipa cheo mwenyewe, fundi wake. Nilikuwa na miaka 19. Nilishawahi kusafisha kabureta ya pikipiki ya jirani ikawaka, basi nikaona injini zote ni ndugu.

Alhamisi moja mjomba aliitwa msibani Newala, kwenda na kurudi. Kabla hajaondoka alinikabidhi galoni ya oili ya lita nne, filta mpya, na washa moja, kile kipete kinachokaa chini ya nati kuzuia oili isivuje, iliyoviringishwa kwenye kipande cha gazeti.

"Mpwa, oili imeshachoka. Imwage leo, kesho alfajiri tunapakia. Nati ya sampu ianze kwa vidole, spana baadaye. Na nisikute tone hata moja chini."

Sampu ni lile bakuli la oili chini ya injini, na nati yake ndiyo unayoifungua kuimwaga. Maneno ya mwisho ya mjomba ndiyo yaliyonikaa kichwani. Ya mwanzo yalipita.

Nyumbani kwetu Chikongola kulikuwa na mwembe, na chini yake ndiyo gereji yenyewe. Tairi za mbele nikazipandisha kwenye vipande viwili vya gogo la mnazi, nikawasha injini kidogo oili ipate moto itiririke vizuri, nikazima, nikaingia uvunguni na karai na spana 14. Nati ikanichomoka, ikazama kwenye karai. Nikaivua kwa vidole huku nikipiga kelele za kuungua, nikaipangusa kwa shati bovu, nikaivisha washa mpya.

Kwenye sampu sikuangalia. Washa ya zamani ilikuwa imebaki huko, imenata, imekandamizwa mpaka imekuwa bapa na nyeusi, rangi moja na bati lenyewe. Kwa macho huitambui, mpaka upitishe ukucha. Ukucha sikuupitisha. Nikafunga nati juu ya washa mbili, mpya juu ya kuukuu. Nilipojaza oili na kuwasha gari, likatokea tone. Lilijikusanya taratibu kwenye kichwa cha nati, likavimba, likaning'inia, likadondoka mchangani. Nikahesabu mpaka 50, likaja la pili.

Mwenye akili angeikinga ile oili kwenye chombo kisafi, akafungua upya na kutazama kulikoni. Mimi nilikwenda kuchukua bomba.

Lilikuwa bomba la chuma la kama mita moja, lilibaki siku tulipovuta maji. Nikalivisha kwenye mkia wa spana, nikavuta. Nati ikasogea. Tone likaja. Nikavuta tena, safari hii nimekanyaga gogo kwa mguu. Kikatokea kitu ambacho mkono wangu haujakisahau: ule ugumu uliokuwa unapanda ukakatika ghafla, spana ikawa nyepesi, inazunguka kama kijiko kwenye uji.

Miaka mingi baadaye, kwenye gereji ya kampuni moja nilikoajiriwa, niliiona kwa mara ya kwanza spana ya kupima nguvu, ile inayolia "ka!" ukifikia kiwango. Nati ya milimita 12 kama ile inataka nyutoni mita kati ya 30 na 40, basi. Spana ya sentimita 20 ukiivuta kwa uzito wa kilo 20 umeshafika. Uzito huohuo kwenye mita moja ya bomba ni mara tano yake, na mimi sikuvuta kwa kilo 20, nilijitupa mzima.

Nikakinga oili kwenye ndoo ya mke wa mjomba (kesi nyingine hiyo), nikaitoa nati. Kwenye thredi zake, ile mistari ya kuzungukia, zilikuwa zimejisokota nywele za chuma, zinang'aa kama springi ya kalamu. Zile zilikuwa thredi za sampu.

Hapo hapo, pembeni ya vifaa vya bomba, palikuwa na rola ya tepu nyeupe ya mafundi maji. Nikaizungushia nati mizunguko kama kumi, nikairudisha polepole kwa mkono, nikarudisha oili. Tone halikuja. Usiku nilitoka mara tatu kuchungulia kwa tochi ya simu, chini pakavu.

Mjomba alirudi saa tano.

"Umemaliza?"

"Tayari, mjomba."

"Hakuna tone?"

"Hakuna."

Na kweli halikuwepo.

Alfajiri tukapakia. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili kwenye kikapu, anashukia Ndanda, na mzee aliyekuwa anafuatilia malipo yake ya korosho Masasi, stakabadhi kaziweka ndani ya kofia. Mikindani tukapita, Mpapura, Mnazi Mmoja. Gari likiruka tuta, roho yangu inadondoka nalo. Mtama tulipoiacha nyuma nikaanza kupumua, na ndipo taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi.

Mjomba alizima injini palepale na kuliacha gari lijiserereshe pembeni. Wako madereva ambao wangesema tufike Nyangao kwanza, na wangefika na injini iliyonoki. Akaingia uvunguni na shati lake jeupe. Alipotoka alikuwa na kipande cha tepu kimemnata kidoleni. Akakitazama, akanitazama.

"Nani kakupa kazi ya ufundi bomba?"

Mama wa kuku akaangua kicheko. Abiria wakarudishiwa nauli, wakadaka gari jingine, na mimi nikatumwa kurudi kwa miguu kuitafuta nati. Haikuwa kazi ngumu kuiona njia. Karibu na gari, lami ilikuwa na mfereji mweusi, na kadiri nilivyorudi nyuma ndivyo mfereji ulivyokuwa mpana na mbichi zaidi, mpaka pakaishia ghafla kwenye doa kubwa. Nati ilikuwa hatua chache mbele ya doa, majanini, imevaa tepu yake kama kidole chenye bandeji.

Fundi alikuja na pikipiki kutoka Nyangao. Sampu hakuishusha. Alitoa tapu, akaipaka grisi nyingi ili unga wa chuma unate humo usiingie ndani, akakata thredi mpya za nati ya milimita 14. Akamimina lita moja ya oili juu ikatokea chini, isombe chembe zilizobaki. Washa aliyokuwa nayo ilikuwa ya shaba, kuukuu na ngumu. Akaomba kaa la moto kwa mama aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara, akailaza washa juu yake mpaka ikawa nyekundu, akaitosa kwenye maji. "Sasa imelainika, itakaa," akasema. Kisha akaifunga nati kwa vidole mpaka mwisho, akaikaza kwa spana kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na sigara.

Mjomba alilipa, tukageuza kurudi Mtwara. Njia nzima hakusema neno. Nilimsubiri anipige, anitukane, anifukuze, akanyamaza tu.

Tulipofika nyumbani alichukua msumeno wa chuma, akakaa chini ya mwembe, akalikata lile bomba vipande vitatu. Viwili sijui viliishia wapi. Cha tatu mkewe anapulizia moto jikoni mpaka leo, na kila nikienda kuwasalimia, kuni zikigoma, ananiita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Fundi, hebu niletee bomba lako!"